Sauti ya Nyapara

Gari lilikuwa la wifi yake, kwa hiyo amri zote zilikuwa za wifi yake. Vioo vipandishwe, redio izimwe, na mama akae mbele ili amwone vizuri. Fundi aliingia kiti cha nyuma na kofia ya mama mkwe, chupa ya maji na mfuko wa nguo za kubadilisha, akajibana pembeni kama mtu aliyeomba lifti. Hakubisha. Tangu juzi jioni, Wifi alipoupandisha mkono wa gauni la mama yake na kuona alama ya bluu juu ya kiwiko, nyumba nzima, watoto wa Fundi wakiwemo, ilikuwa ikitembea kwa kunyata.

"Hapa alijigonga wapi?" Wifi aliuliza jioni hiyo.

"Hakujigonga. Nilimshika mimi. Alishatoka getini, na lori lilikuwa linakuja."

"Ulimshika, au ulimbana?"

Mume wa Fundi alikuwa amekaa katikati yao na kikombe cha chai. Alikiinamia kana kwamba jibu limezama humo.

Mtaani walimwita Fundi kwa sababu chumba chake cha mbele kilikuwa cha cherehani na sare za shule. Mama mkwe naye alimwita hivyo, zile siku alizokumbuka. Tangu mama aanze kupotewa na kumbukumbu, ni Fundi aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemkimbilia barabarani huku pini bado ziko mdomoni. Wifi alikuwa karani wa mahakama upande wa pili wa kisiwa. Alikuja mara chache kwa mwaka, mikono imejaa zawadi na macho yamejaa maswali.

Safari ilikuwa ya mama. Siku hizo hakuwa na wimbo mwingine ila bondeni. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa miwa, akapalilia na kukata miwa tangu usichana wake mpaka alipoolewa na kuhamia mjini, na sasa kila asubuhi alitafuta viatu vyake ili awahi kazini. Wifi ndiye aliyeamua. "Tumpeleke, akaone, moyo utulie," alisema. Kwamba alitaka pia kuona kwa macho yake mama anavyokaa na mkamwana, hilo hakulisema, lakini Fundi alilisikia vizuri kuliko yale yaliyosemwa.

Barabara ilipanda kilima, bahari ikabaki nyuma, kisha ikateremka kwa ghafla na bonde likafunguka chini yao. Lilikuwa pana kuliko Fundi alivyodhani. Zamani huenda lilikuwa limelimwa kwa mistari kama daftari la mwanafunzi, sasa lilikuwa pori la miwa iliyojiotea yenyewe, ndefu kupita kimo cha mtu, imeshikana na majani makavu ya miaka mingi. Katikati yake lilisimama bomba la moshi la kiwanda, bila moshi. Moshi ulikuwa mbali, upande wa juu wa bonde, uzi mwembamba unaopanda wima.

Mama aliweka kiganja kwenye kioo. "Tumechelewa," alisema.

"Hatujachelewa, mama. Leo tunatembea tu," Wifi alimjibu kwa sauti ya kubembeleza.

Getini aliwapokea mlinzi, mwanamume mnene mwenye kandambili na tochi mfukoni ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Watu walimwita Meneja, kwa kuwa mameneja wote waliondoka kiwanda kilipofungwa na yeye ndiye aliyebaki na funguo.

"Karibuni ofisini kwangu," alisema, akionyesha jengo zima lenye nusu ya paa. "Muwe huru. Mahali pa kukatazwa ni pawili tu: ngazi za chuma, zimeoza, na humo kwenye miwa. Jamaa wa juu kule wanachoma pori wapande mboga. Wameniambia moto wao una adabu. Mimi moto wenye adabu nimeuona jikoni tu."

Waliingia. Ukumbi wa mashine ulinuka kutu na kinyesi cha popo, na chini ya harufu hizo, mbali sana, kulikuwa bado na kitu kitamu kilichoungua. Magurudumu ya kinu yalikuwa yamesimama, meno kwa meno, majani yameota katikati. Mama alitembea taratibu bila kuongozwa. Alipita mapipa makubwa ya kuchemshia, akapita chumba cha mizani chenye dirisha dogo la kupokelea posho, akasimama kwenye mlango wa nyuma unaotazama shambani. Hapo palikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo. Alikigusa kwa kidole kimoja, akaondoa mkono upesi kama aliyeungua.

"Kengele yao," Meneja alieleza. "Ikilia asubuhi, kazini. Ikilia jioni, nyumbani."

Wifi alimpiga mama picha akiwa hapo. Kwa mara ya kwanza tangu juzi alitabasamu. Walimkalisha mama kivulini kwenye ngazi ya saruji, Fundi akamvalisha kofia. Meneja alirudi getini kwake.

"Wifi," dada wa mumewe alimwita Fundi. "Njoo mara moja. Si mbele ya mama."

Waliingia chumba cha mizani. Sakafu ilikuwa na vigae vilivyopasuka, na ukutani kulibaki misumari ya kutundikia makoti. Wifi alifunga mikono kifuani.

"Nimeshaongea na kaka. Mama anahamia kwangu."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. "Umeongea naye lini?"

"Hilo si hoja."

"Ni hoja. Nalala naye kitanda kimoja, na hakuniambia."

"Hakukuambia kwa sababu anakuogopa. Na mama anakuogopa vilevile. Nimeuona ule mkono, wifi. Mimi nakaa mahakamani, alama za vidole siambiwi na mtu."

"Ulitaka nimwache lori limpitie ili mkono wake ubaki mzuri?"

"Nilitaka mtu mwenye subira."

Maneno yalimpanda Fundi kooni yote kwa pamoja: mashuka ya usiku, sahani zilizotupwa, wateja waliohama kwa sababu sare zao hazikuisha kwa wakati. Aliyasema. Hakuyapanga, aliyamwaga tu, na Wifi naye akamwaga yake, na kwa muda hao wanawake wawili wazima walipigana maneno kwenye chumba kile mpaka popo wakaanza kurukaruka juu ya mbao. Aliyewanyamazisha ni Meneja. Alitokea mlangoni akihema, kandambili moja mkononi.

"Upepo umegeuka," alisema. "Moto umeruka mtaro, unakuja huku. Mchukueni mama yenu tuondoke."

Walitoka mbio. Ngazi ya saruji ilikuwa tupu.

Wifi aliita mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Halafu akaita kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia. Fundi hakuita. Macho yake yalishakimbilia shambani, na pale ambapo ukuta wa miwa ulianza aliona kofia chini, na kando yake majani yaliyosukumwa kupisha mwili mdogo.

"Ameingia humo," alisema.

Uzi ule wa moshi haukuwa uzi tena. Ulikuwa pazia la rangi ya udongo, limelala upande wao, na chini yake palisikika mlio kama mvua ya mawe juu ya bati.

"Ninyi hamjui njia ya kutokea," Meneja alisema. "Nitapiga reli hii. Msiache kuisikia. Mkiipoteza, mmepotea." Alikuwa ameshaokota kipande cha chuma. Mlio wa kwanza ulipita juu ya bonde zima.

Wakaingia. Humo ndani mchana ulipungua. Miwa ilisongamana kama watu kwenye mlango wa hospitali, na majani yake makavu yalikata mikono na mashavu. Fundi alitangulia, akifuata majani yaliyolala, akiyapoteza, akiyaona tena. Panya walimpita miguuni wakielekea walikotoka wao. Ndege walitoka juu ya vichwa vyao kwa makundi. Nyuma yake Wifi alikuwa akilia na kuongea kwa wakati mmoja, "Mama, mama, ni mimi, mama," na kila baada ya pumzi chache reli ililia nyuma yao, mbali zaidi kuliko mara ya kwanza.

Walimkuta ameinama. Alikuwa amelikunja gauni kiunoni, na kwa mikono mitupu aling'oa magugu chini ya miwa, upesi upesi, anarusha nyuma, anasogea, anang'oa. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu. Hakuwatazama.

"Mama, jamani," Wifi alimrukia na kumkumbatia. "Simama twende. Moto unakuja."

Mama alijinasua kwa nguvu ambazo hazikupatana na mwili ule. "Niache. Wewe ni nani? Kengele imelia, na mimi mstari wangu bado." Reli ililia tena, naye akaongeza kasi, pumzi zinamkata. "Umeisikia? Nyapara anakuja kukagua."

"Ni mwanao, mama. Nitazame."

"Sina mtoto mimi. Niache, atanikatia siku."

Fundi alipiga magoti mbele yake. Alitumia sauti aliyotumia bafuni na mezani, ile ya pole na taratibu. "Mama, ni mimi Fundi. Kazi imeisha. Twende nyumbani tukapumzike." Mama alimtazama kama mtu anayetazama ukuta, akamzunguka, akaendelea kung'oa. Walimshika, huyu kwapa hili, huyu kwapa lile. Mama alimng'ata Wifi mkononi, akajiachia chini uzito wote, akayakumbatia mashina mawili ya miwa na kuyafunga kwa mikono na miguu. Walivuta. Vidole vyake wakivibandua upande mmoja vilishika upande mwingine. Majivu yalianza kudondoka, vipande vyeusi vyepesi, kimoja kikatua kwenye mvi zake na kubaki hapo. Joto lilifika kabla ya moto. Fundi alilihisi usoni kama mlango wa tanuri umefunguliwa.

"Tutakufa humu," Wifi alisema, kwa utulivu wa kutisha. "Nenda wewe. Una watoto."

Ndipo Fundi alipokumbuka. Mchana mwingi, yeye akiwa kwenye cherehani na mama kwenye mkeka, mama alisimulia habari za bondeni, na kila alipofika kwa nyapara aliacha sauti yake na kuvaa sauti ya yule mtu: nzito, ya puani, ya kukokota maneno. Aliogopa hata akiigiza. Akimaliza alitazama mlangoni. Fundi aliijua sauti ile kama alivyoijua sauti ya mashine yake, na alijua pia kwamba ikitoka kinywani mwake mara moja, haitarudi.

Alisimama. Akatanua miguu, akaweka mikono kiunoni.

"Wewe," alinguruma. "Nani kakwambia ulale kwenye miwa yangu?"

Mikono ya mama iliachia palepale.

"Simama ninaposema na wewe. Mvivu mkubwa. Unadhani hapa kwa baba yako?"

Mama alisimama. Aliweka mikono nyuma, akainamisha kichwa, na mwili wake wote ukatetemeka kama wa mtoto aliyetolewa majini. "Ndiyo, bwana," alisema. "Nisamehe, bwana."

"Toka kwenye mstari wangu. Mbele yangu. Kimbia kwenye kengele, na usigeuke."

Akakimbia. Yule bibi aliyeshikwa mkono kwenda chooni alikimbia, akiipenya miwa kwa bega, na Fundi nyuma yake, na Wifi nyuma ya Fundi. Mlio wa bati ulikuwa sasa kila upande. Mahali fulani mama alijikwaa, akaanguka kifudifudi. Fundi alinyoosha mkono kumwinua, na neno "pole" likawa tayari kwenye ulimi. Alilimeza. Akimpa pole atakuwa Fundi tena, na Fundi hakuwa mtu wa kumtoa mle.

"Nani kakuruhusu kupumzika?" alifoka. "Nikukatie siku? Inuka, au leo hutakula."

Mama aliinuka, damu inamtoka gotini, akakimbia. Nyuma, Wifi alitoa sauti kama aliyepigwa yeye.

Reli ilikaribia, ikawa kubwa, ikawa mbele yao kabisa, na ghafla miwa ikaisha na wakawa kwenye uwanja wa kokoto nyuma ya kiwanda. Meneja alitupa chuma, akamdaka mama kabla hajagonga ukuta. Wote wanne walijisukuma ndani ya ukumbi wa mashine, katikati ya magurudumu, na kupitia mlango wa nyuma waliona moto ukifika ukingoni mwa uwanja, ukisimama mrefu kama nyumba, ukikosa cha kula, na kugeukia bondeni.

Meneja alileta maji kwenye jagi la plastiki. Fundi alimimina kikombe, akapiga magoti mbele ya mama kama alivyozoea, akakisogeza midomoni mwake.

Mama aliinua mkono kujikinga uso. "Usinipige, bwana," alisema. "Nimemaliza. Waulize wenzangu, nimemaliza."

Fundi alibaki na kikombe hewani. Wifi alikichukua mkononi mwake, polepole, bila kumtazama. Kwa Wifi mama alikunywa.

"Itapita," Wifi alisema garini. "Akilala, ataamka amesahau. Si husahau kila kitu?"

Haikupita. Kesho yake asubuhi Fundi alipofungua mlango na beseni, mama alisimama haraka akajibandika ukutani, mikono nyuma. Hakula alichopakua Fundi. Alipomsikia tu akikohoa chumba cha mbele, alitafuta kitu cha kufanya, akakunja mashuka yaliyokunjwa, akafagia pasipo na taka. Mume wa Fundi aliongea na mama yake, akamwambia huyu ni mkeo, akakosea, akasema huyu ni mkamwana wako, akaishia kutoka nje kulia nyuma ya nyumba. Fundi akawa anapita uani ili asionekane. Cherehani ilikaa kimya, kwa sababu mguu wake kwenye kanyagio ulisikika kama kiatu cha nyapara kwa mtu aliyekuwa chumba cha pili.

Wifi alikuwa aondoke Jumapili. Hakuondoka. Jioni moja alimfuata Fundi uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono wake wa kung'atwa umefungwa kitambaa.

"Yale niliyosema kule nayafuta," alisema. "Mama ni wako. Simchukui."

"Mchukue."

"Wifi, usiniadhibu."

"Sikuadhibu. Kwangu hali chakula, wifi yangu. Halali. Mimi nimempata hai nikamkosa. Mchukue kabla hajaisha." Alisema hayo huku akianika nguo za mama, akizinyoosha mikono kwa kiganja ili zisiwe na mikunjo. "Ila usiende kama ulivyo. Kumwogesha hujui. Unaanzia kichwani, ndiyo maana anapiga kelele."

Kwa hiyo siku zilizofuata Fundi alisimama nje ya mlango wa bafu, akinong'ona kwenye upenyo, na Wifi ndani akifuata. Anza na miguu. Mpe taulo alishike mwenyewe. Maji ya moto zaidi, bado, hapo. Mwambie unachofanya kabla hujakifanya. Siku moja alimsikia mama akicheka ndani, cheko fupi la mtu aliyetekenywa, na ikabidi aende kusimama jikoni na aproni mdomoni.

Waliondoka asubuhi, mama mbele, mkanda umefungwa vizuri. Fundi hakutoka kuaga.

Wifi alipiga simu karibu kila jioni. Hana hamu ya kula. Mlainishie. Anatafuta viatu tena. Mpe, vaa na wewe, mzunguke nyumba, mrudi. Waliongea zaidi katika msimu ule kuliko miaka yote ya uwifi wao, na maongezi yao yalikuwa ya mswaki, ya kucha, ya shuka la plastiki. Mara moja tu, katikati ya hayo, Wifi alisema, "Ile sauti. Mimi nisingeweza." Fundi akamwambia asisahau kumkata kucha za miguu.

Mvua zilipokwisha, mumewe alisema anakwenda kumwona mama. Fundi alisema atabaki. Usiku huo hakulala, na asubuhi akavaa, akaingia garini bila neno. Njia nzima alijifunza la kufanya: asipande ngazi, asimame mbali, mama akitetemeka tu, ageuke aondoke, akangoje barabarani.

Mama alikuwa amekaa barazani kwa Wifi, amenenepa kidogo, nywele zimesukwa. Alimtazama mwanawe, akampa mkono kwa heshima kama anavyopewa daktari. Kisha akamtazama Fundi, aliyesimama chini kwenye changarawe, mkoba umekumbatiwa. Alimtazama kwa muda mrefu. Wifi, mlangoni, aliacha kufuta mikono.

"Na wewe, mgeni," mama alisema. "Mbona unasimama juani? Pita ukae."

Hakuna alichokumbuka, si woga, si beseni, si mkeka kando ya cherehani. Fundi alipanda ngazi. Mama alisogea kwenye benchi, akapapasa nafasi aliyoiacha.

"Unatoka mbali?" aliuliza.

"Kidogo," Fundi alisema, taratibu, akakaa. "Nashona nguo. Naona gauni lako limefumuka hapa begani. Nikutengenezee?"

Mama alilitazama bega lake, akafikiri.

"Tengeneza," alisema. "Lakini usinichome."